Maasi ya Bibi

Bibi yangu alikuwa na lugha tatu, akatunyima moja. Kiswahili alitupa, tena kile cha kugombeza. Kizigua alitupa, ingawa yeye mwenyewe alikiokota ukubwani baada ya kuolewa na babu, na alikiokota vizuri mpaka Wazigua wenyewe wakawa wanamwita aamue wakibishania maneno. Ile ya kwanza, Kimakua, aliyonyonya nayo huko ng'ambo ya Ruvuma, aliificha mahali ambapo hakuna mjukuu aliyewahi kupafikia. Nasi tulifika kila mahali. Tuliwahi kula karanga alizozificha ndani ya mto wa kulalia.

Ukimwuliza, "Bibi, kwenu kuku mnasemaje?" anakujibu, "Tunasema akiiva tunakula." Ukizidi kumbana, anakukazia macho: "Lugha yangu haina kazi hapa. Utapalilia nayo?"

Alikuja akiwa msichana mdogo, nyuma ya baba yake, enzi zile ambazo vibarua wa kutoka mbali waliokuja kukata mkonge waliitwa manamba. Shamba lilikuwa upande wa Korogwe, na kambini kulikuwa na watu wa kila mahali. Watoto wenzake walimcheka alivyotamka. Hilo alinisimulia mara moja tu, huku anachambua mchicha, na alipomaliza akageuza mazungumzo yakawa ya mchicha. Lakini nilielewa. Hakutaka sisi tuje kuchekwa. Akatulea tukiwa watu wa hapa, wa hapa kabisa, mpaka tukawa tunawacheka wageni wengine, na yeye akiwa amekaa pale pale anatusikia.

Babu alikuwa Mzigua wa Kwamsisi aliyesukuma vitoroli vya mkonge kwenye ile reli ndogo ya shambani. Bibi alidai alimpenda kwa sababu peke yake kambi nzima hakunuka mkonge. Babu alikuwa akisema si kweli, alinuka kuliko wote, ila siku ile mwenzake alikuwa na mafua. Wakaoana, wakahamia Kwamsisi kulima mahindi. Na Handeni kwa asiyeijua, mvua huwa inapita kama mgeni anayeulizia njia. Bibi alikuwa akienda lambo kabla jogoo hajakohoa, anarudi na ndoo kichwani ambayo naapa angeweza kuogea ng'ombe na ndama wake, na maji hayatikisiki. Hiyo ni ya kwetu. Akimaliza anarudi tena, ya jirani aliyejifungua. Akimaliza anarudi tena, sijui ya nani, nadhani ilikuwa ya yeyote atakayepita.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa Muheza, mimi nikabaki kwa Bibi. Darasa la saba nililifeli kwa ustadi mkubwa. Wote waliofeli mwaka ule walinionea wivu. Nikaenda Korogwe kuuza vitambaa kwenye duka la Wahindi, na huko ndiko nikaanza shule ya jioni. Kila mara basi la kutoka kwetu likifika, kondakta ananiletea mfuko wa makopa ya mihogo na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Bibi: "Mwambie asome." Makondakta wa njia ile wote wakanizoea. Nikikatiza stendi tu wananipigia kelele dirishani, "Asome! Wewe, asome!"

Nikasoma. Siku moja nikarudi likizo na habari mpya kutoka kwa mwalimu wa jiografia. Nikamwambia Bibi, unajua mkonge si wa kwetu? Asili yake ni Meksiko, nchi iko ng'ambo ya bahari mbili, ukaletwa huku ukapandwa.

"Na wenyewe uliletwa?" akauliza.

"Uliletwa, Bibi."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana ulikuwa unatuchoma. Ulikuwa na hasira za kutolewa kwao."

Mwaka jana, asubuhi moja, shangazi yangu akapiga simu. Shangazi ndiye binti wa mwisho wa Bibi, aliyebaki naye nyumbani. "Njoo upesi," akasema. "Bibi yako kaanguka, upande mmoja haufanyi kazi. Halafu anaongea Kizungu."

"Kizungu gani, shangazi?"

"Nitajuaje mimi? Kizungu chake!"

Hospitali walituambia ni kiharusi. Daktari, kijana mpole, akatueleza kwamba hutokea: lugha za ukubwani zinafutika, ile ya utotoni inabaki. Alipozidi kumsikiliza Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Ongeeni naye kwa lugha yake. Itamsaidia sana." Mimi nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama dari. Watoto saba, wajukuu wanaotosha kujaza uwanja wa mpira na benchi la akiba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno moja.

Tukamrudisha nyumbani Kwamsisi. Akalala kwenye kitanda chake karibu na mlango ili apate hewa, mdomo umepinda kidogo, macho yake yale yale. Alikuwa anatuongelesha kwa upole kabisa, kama mtu anayewaelekeza watoto wagumu wa kuelewa. Sisi tunaitikia, "Eeh, Bibi. Ndiyo, Bibi." Anaacha, anatungoja tufanye alichosema. Hatufanyi. Anaanza upya. Sijui kama nimewahi kuona uvumilivu mkubwa namna ile. Baadaye akawa amechoka, maneno yakapungua, likabaki moja analolirudia mchana kutwa.

"Maasi," anasema. "Maasi."

Shangazi akawa wa kwanza kubahatisha. Kwa Kizigua maji ni mazi, akasema, labda ulimi tu umeteleza. Akaleta kikombe. Bibi akakisukuma kwa ule mkono mzima, maji yote yakamwagikia kanga ya shangazi. Basi, maji tukajua siyo.

Ndipo akaja ustadhi wa msikiti wetu kumsomea Yasini. Mtu mwema, sauti nzuri, na sikio kali kwa bahati mbaya. Akanyamaza katikati ya kisomo, akainamia kitandani.

"Mnasikia anachosema?"

"Tunasikia, ustadhi, ila hatuelewi."

"Hamwelewi vipi na anasema Kiswahili? Maasi. Anataja maasi yake. Mama huyu anatafuta toba, nyie mnampa uji!"

Jamani. Kiswahili kimepotea chote, limebaki neno moja tu, na neno lenyewe ndilo hilo la madhambi? Lakini ustadhi alilisema kwa huruma na uhakika mwingi, na sisi tulikuwa na kiu ya kuelewa kitu chochote. Tukaamini. Shangazi akalia, mimi nikalia, Bibi akatutazama tunavyolia akasema tena, "Maasi," safari hii kwa ukali.

Ustadhi akashauri watu waje wamsamehe ili aondoke mwepesi. Habari ikaenda kijiji kizima kwa pikipiki, na kufikia alasiri ua wetu ulikuwa umejaa kuliko siku ya mkutano wa pembejeo. Kila mtu na msamaha wake. Jirani wa upande wa juu, mzee mwenye mbuzi wakorofi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bibi, yule beberu wangu uliyempiga na mchi akawa anatembea upande upande, nimekusamehe."

Akafuata mama mmoja wa makamo. "Na mimi nimekusamehe ulivyosema uji wangu una madonge."

"Lakini ulikuwa na madonge," shangazi akasema.

"Ulikuwa nayo, sikatai. Ila alisema mbele ya wakwe zangu."

Tulicheka kidogo, kisha ikaacha kuchekesha. Maana watu wakishasamehe madonge na beberu wanaanza kujiuliza: mbona mgonjwa bado anaita? Basi liko kubwa. Jioni nikamsikia mtu jikoni akisema kwa sauti ya chini kwamba huenda huko alikotoka aliacha mtoto. Mwingine akasema si mtoto, ni mume. Asubuhi yake nasikia mume huyo alikuwa na duka. Bibi yangu aliondoka kwao akiwa na umri wa kucheza kombolela, lakini Kwamsisi ilishamwozesha, ikamzalisha, na kumtorosha.

Shangazi akanishika mkono nje, karibu na pipa la maji. "Mama yangu watamzika na uongo," akasema. "Na mwenyewe yuko pale anatueleza ukweli. Yuko pale pale anatueleza." Akaachia mkono wangu. "Wewe si umesoma? Fanya kitu."

Nimesoma, ndiyo. Cheti ninacho, nimekitia fremu. Ningeweza kumwambia Bibi mji mkuu wa nchi yoyote duniani, ila kwa lugha ambayo haipo tena kichwani mwake. Nikamwambia shangazi lazima kuna mtu, haiwezekani kambi zote zile zimalizike bila kubaki mtu. Nikapanda pikipiki hadi Mkata, nikakamata basi la Korogwe.

Mama mwenye duka ninapofanyia kazi ni Mhindi aliyezaliwa Korogwe, kama mama yake. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. "Mama mkwe wangu akiongea usingizini anaongea Kigujarati," akasema. "Wanangu wanadhani anakoroma." Akafikiri huku anakunja kitenge, akanielekeza kwa mzee mmoja Korogwe ya zamani, karibu na mto Pangani. Fundi baiskeli, alizaliwa kambini kwa wazazi waliotoka ng'ambo ya Ruvuma.

Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anakaza spoku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli, mzee. Nina bibi."

"Bibi sitengenezi," akasema bila kuinua macho.

Nikachuchumaa, nikamweleza yote, kuanzia Ruvuma hadi madonge ya uji. Nilipofika kwenye lile neno, akaweka spana chini.

"Anasema maasi?"

"Ndiyo. Ustadhi kasema ni madhambi."

Mzee akanitazama, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Maji hayo, binti. Kwa Kimakua maasi ni maji. Mama yangu alikuwa ananituma maasi mpaka nikawa namchukia mtu aliyeyagundua."

Nikampigia shangazi pale pale. Nikapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka: "Shangazi! Ni maji! Bibi anataka maji! Hana dhambi yoyote, ana kiu tu!"

Kisha shangazi akasema polepole, "Maji nilimpa. Aliyamwaga."

Hilo nilikuwa nimelisahau kwa furaha. Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu tena. Nadhani hakuna maji Wilaya ya Handeni ambayo hayakupita mbele ya Bibi yangu siku ile. Shangazi alinipigia kila baada ya kikombe, kama mtangazaji wa mpira. "Ya moto kakataa. Ya mtungini kakataa. Nimetuma mtu lambo, kakataa. Ya chupa ya dukani kayanusa kakataa. Nimemwosha miguu, kaniacha nimwoshe, lakini bado anasema." Simu ya mwisho alinong'ona: "Ustadhi kaleta Zamzamu kidogo aliyopewa na aliyekwenda kuhiji. Kafumba mdomo. Hilo usimwambie mtu."

Tulilijua neno, na hatukuwa na la kufanya nalo. Wakati hatujui, walau kulikuwa na kitu cha kutafuta.

Mzee fundi alikuwa amesikiliza simu zote. Akafunga sanduku lake la spana. "Twende," akasema. "Labda kuna neno lingine mnalipoteza hapo katikati." Njiani akaniambia nisitegemee makubwa. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, na tangu hapo hakupata wa kuongea naye. Kilichobaki ni maji, moto, njoo, kula, lala. "Na matusi," akaongeza. "Matusi ninayo yote."

Tulifika jua bado lipo. Watu walikuwa wamejaa uani, wakafungua njia. Mzee akavua kofia, akaketi kando ya kitanda, akamsalimu Bibi kwa maneno mawili matatu ambayo sikuwahi kuyasikia maishani.

Bibi akageuza kichwa. Sijui nielezeje uso ule. Nina kawaida ya kuongeza chumvi, nyumbani wote wanajua, lakini hapa sina chumvi ya kuongeza. Alimshika mzee mkono kwa ule mkono mzima, akaanza kuongea. Si neno moja tena. Alimwaga. Alisimulia, alihoji, alishuka sauti, akapanda, kuna mahali aliuliza swali akangoja, na mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Shangazi alikuwa ananivuta nguo: "Kasemaje? Mwulize kasemaje."

Mzee hakugeuka. Nikaona mabega yake yameshuka.

"Sijui," akasema. "Nasikia maji. Nasikia njoo. Katikati pote sijui. Kanizidi huyu. Anaongea kama mama yangu na mimi sielewi."

Bibi akauliza tena lile swali lake, sasa anangoja jibu la kweli. Mzee akatafuta. Akamjibu kwa alichokuwa nacho: njoo, akasema, kula, lala. Bibi akakunja uso. Mzee maneno yakamwishia, na alipoishiwa kabisa likamtoka lile lililobaki, tusi, lile ambalo mama yake alikuwa akimfukuzia jikoni. Alishtuka mwenyewe akaziba mdomo.

Na Bibi akacheka. Upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka mpaka kitanda kikalia. Tangu aanguke hakuwa amecheka. Watu uani, bila kujua wanachekea nini, wakacheka wote, na ustadhi naye, masikini, na hadi leo mzee amekataa kututafsiria.

Kicheko kilipoisha akasema, "Maasi." Shangazi akaleta kikombe. Bibi hakukimwaga safari hii. Alikisukuma taratibu kuelekea kifuani kwa mzee.

"Anataka mgeni anywe!" shangazi akasema. "Watu wamejaa hapa tangu jana, hakuna aliyepewa hata maji! Ndicho anachosema!"

Mzee akanywa kikombe kizima. Tukamtazama Bibi.

"Maasi," akasema.

Akanywa kingine. "Maasi." Akanywa cha tatu, na jasho linamtoka. Tukagawa uani, ndoo ikazunguka, jirani wa mbuzi akanywa, mama wa madonge akanywa, ustadhi akanywa, mimi nikanywa mpaka tumbo likawa linasema peke yake. Kila mtu anakunywa anamtazama Bibi kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari. "Bibi, tumekunywa. Ona." Naye anatutazama mmoja mmoja.

"Maasi."

"Binti," mzee akaninong'oneza, "mimi nitapasuka."

Hatukujua. Hilo ndilo ninaloweza kuandika kwa uhakika. Baadaye tulijaribu simu, tukampata kijana wa Masasi ambako Wamakua wapo tele, tukamwekea Bibi simu mdomoni. Kijana akasema Kimakua cha ng'ambo kina matamshi yake, na mgonjwa sauti imekwisha, anachosikia vizuri ni jogoo. Bibi aliendelea kuita, kila siku chini zaidi, na sisi tuliendelea kuleta vikombe, kila siku tukijua zaidi kwamba sivyo. Alifariki asubuhi, shangazi amemshika kichwa, mimi nimemshika miguu, kikombe kiko dirishani.

Kwenye hitima ustadhi alisimama mbele ya watu wote akasema wazi kwamba alikosea, neno lile lilikuwa maji, na mwenye kusema vingine asiseme tena. Nilimheshimu sana. Yule mume wa uvumi, mwenye duka, akafa siku hiyo hiyo. Jirani wa mbuzi akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama msamaha wake anaweza kurudishiwa, kwa kuwa ulitolewa kwa kosa. Nikamwambia aandike barua. Tukacheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Mzee fundi alichukua namba yangu. Sasa ananipigia. Anasema tangu siku ile maneno yanamrudia, moja moja, akiwa ameinamia gurudumu na hata hayatafuti. Moja lilikuwa kisima. Moja lilikuwa majivu. Akinipigia naacha kupima kitambaa, nafumba macho, namwomba alirudie, na ninajaribu kulisikia ndani ya yale aliyomwaga Bibi jioni ile. Wakati mwingine nadhani nimelisikia. Wakati mwingine nadhani nalisikia kwa sababu nalitaka.

Wiki hii alipiga tena, hata salamu hakungoja. Akatamka neno, kisha akasema maana yake ni "mdogo wangu wa kike".

"Alilisema hilo?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Fikiri vizuri. Alipouliza lile swali."

Nikafikiri. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na kitenge begani.

"Litamke tena," nikamwambia.

Akalitamka tena.